Themostati ya Baba Saada

Mume wangu Masoudi ni dereva, na kabla sijasema mengine yote niseme hili: ni dereva mzuri. Kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa wanamjua. Hakimbizi gari, hagusi pombe, na hapandishi mtu juu ya magunia kama hana pa kushika. Mama mjamzito akija, mwanamume aliyekaa mbele anahamishwa nyuma, na akinuna anaambiwa ateremke atembee. Kwa hayo sina neno. Neno langu liko kwenye kichwa chake, maana ni kigumu, na kwenye lile gari lake, ambalo kwa miaka lilikunywa maji kutushinda sisi wote nyumbani.

Mtu asidhani natania. Kwetu Nachingwea ikifika Septemba, Oktoba, maji ni kazi ya kutwa. Bomba la mtaa linatoa upepo tu. Unachukua ndoo yako, unateremka bondeni, unapanga foleni na wenzako, mnapiga umbea mpaka umbea wenyewe unaisha, ndipo zamu yako inafika. Narudi nyumbani shingo imekufa ganzi, sijatua hata ndoo, Baba Saada ananiambia, "Mama Saada, nijazie madumu kwanza, nataka kutoka." Ndoo ya kwanza ya gari. Ya pili ya kunywa na kupikia. Ya kuoga, tutaona huko mbele. Binti yetu Saada alipokuwa mdogo aliwahi kuniuliza kama gari nalo huwa linafua nguo zake.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya dizeli. Aliinunua mkononi kwa mtu miaka ya tisini katikati, baada ya chama cha ushirika alichokuwa akiendesha malori yake kuishiwa nguvu na madereva kuambiwa wakajitafutie. Akawa anachukua watu na mizigo ya vijijini: korosho msimu wa korosho, ufuta msimu wa ufuta, na maharusi, wagonjwa na misiba wakati wowote. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Likikuta mlima, na mzigo uko nyuma, mshale wa joto unaanza kupanda, mvuke unatoka kwenye boneti, na Baba Saada anasogea pembeni ya barabara. Hapo mnakaa. Mnangoja lipoe, mnafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, mnaongeza maji kidogo kidogo, mnaondoka. Mlima wa mbele mnakaa tena.

Utingo walikuwa hawadumu. Wa mwisho alituaga akasema yeye alitafuta kazi ya gari, hakutafuta kazi ya kisima. Nikaona basi, nitakwenda mimi. Nikawa nakaa kiti cha mbele na madumu miguuni. Nikajua kila kisima kilichoko kati ya Nachingwea na Ruangwa, na mwenye kisima ni nani, na kama ana utu au ana roho ya korosho. Wanawake wa Likunja waliniita Mama Madumu. Nilicheka nao, mtu ufanyeje.

Lakini sitasema nilikwenda kwa ajili ya gari peke yake. Mama yangu alikuwa anaishi Nkowe, upande wa Ruangwa. Ndugu zangu wote walikuwa wametangulia, nimebaki mimi, na yeye kifua kilikuwa kinambana, hawezi tena kulima, hawezi hata kutwanga. Saada alipomaliza darasa la saba nilimpeleka kwa bibi yake akamwangalie. Kila gari lilipoelekea huko nami nilipita, japo kwa kukaa naye muda mfupi. Mama alikuwa ananishika mkono anaupapasa, anasema mikono yangu imekuwa migumu kama ya mwanamume. Namficha sababu. Angejua mambo ya madumu angemsema mkwewe bure.

Kuna jambo moja mama alikuwa analirudia. Kwetu mtu akifariki anazikwa siku ileile. Anaoshwa, anavishwa sanda, na uso unaachwa wazi mpaka mwisho, ili walio wake waje wamwangalie, wamwombe radhi, waagane naye. Kisha uso unafunikwa, sanda inafungwa, wanaume wanambeba. Sisi wanawake hatufuati makaburini, kwa hiyo uso ule ndio kuonana kwetu kwa mwisho. Mama yangu hakuuona uso wa mama yake. Alikuwa ameolewa mbali, alikuja kwa miguu, akakuta watu wanakula. Alikuwa mzee kabisa na bado lilikuwa linamuuma.

"Sikuzani, mimi wangu sikumwona," alikuwa akiniambia. "Wewe uje unione."

"Nitakuja, mama. Si tuna gari."

"Hilo linalochemka?" anasema, kisha anacheka mpaka anakohoa.

Sasa niseme kwa nini lilichemka. Enzi za ushirika, Masoudi alifundishwa kazi na fundi mmoja anaitwa Stefano, Mungu amrehemu. Mume wangu akimtaja Stefano, hata leo, sauti inashuka. Ndiye aliyemtoa kwenye kuosha malori akamweka kwenye usukani. Na kitu cha kwanza alichomfundisha ni hiki: gari likija, fungua pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini, utakuta kidude cha shaba, kidogo, kinaitwa themostati. Toa, tupa. Hicho wanakihitaji watu wa nchi za barafu, injini zao zinasikia baridi. Huku kwetu jua lenyewe linatosha.

Na si Stefano tu. Mafundi wote wa upande wetu walikuwa wanafanya hivyo, na wengi wanafanya mpaka kesho. Ukimwambia fundi gari lina themostati anakutazama kama umemwambia umevaa koti la sufu kwenda shambani. Kwa hiyo siku pikapu ilipoingia nyumbani, hata vumbi halijafutwa, Baba Saada alishika spana akakitoa. Akampa Saada akichezee. Saada akakichezea, kikapotea, na sisi tukaanza kuchota maji.

Miaka ikaenda. Alibadili rejeta. Alibadili pampu ya maji, alibadili mipira, alibadili mkanda wa feni. Gari likachemka na rejeta mpya kama lilivyochemka na kuukuu. Mafundi walikuja, wakainama, wakainuka, kila mmoja na lake. Hakuna aliyeuliza kuhusu themostati, kwa sababu kila mmoja alijua haipo na alijua haitakiwi.

Aliyeuliza alikuwa Fundi Felisian wa Mnero. Tulikuwa tumempeleka mgonjwa hospitali ya kule, gari limefika linatoa moshi wa maji kama kawaida yake, tumeegesha kwenye kivuli tunangoja. Felisian alikuwa mtu wa mashine za kusaga zaidi, magari alikuwa anayagusa yakimjia. Akaja akasalimia, akasikiliza injini inavyolia kwa uchovu, akauliza, "Themostati ipo?"

Baba Saada akacheka. "Ya nini, fundi? Baridi iko wapi?"

Felisian hakubishana. Alikwenda kibandani kwake akarudi na themostati moja kuukuu, akanigeukia mimi. "Mama, niazimie sufuria kwa hao wanaopikia wagonjwa." Nikaazima. Tukatia maji, tukaweka jikoni, akakitumbukiza kile kidude humo ndani. Mimi nikachuchumaa nitazame. Mume wangu akageuka upande wa pili akaanza kupiga soga na mwenye ng'ombe mmoja ambaye hata hamjui.

Maji yalipokuwa vuguvugu, kidude kimetulia, kimefunga kabisa. Moto ukaendelea. Maji yalipokaribia kuchemka, kikaanza kufunguka chenyewe, polepole, kikaacha mlango wazi. Felisian akakitoa kwa uma, akakiweka chini, kikapoa, kikajifunga tena. Akanionyesha na kitundu chake kidogo cha kutolea hewa, akasema siku ya kukifunga hicho kikae juu.

"Injini inataka moto wake, mama," akaniambia. "Moto wa kiasi. Maji yakiwa ya baridi hiki kinafunga, maji yanazunguka humohumo ndani mpaka injini ichangamke. Yakishika moto, kinafungua, yanakwenda kwenye rejeta kupoa, yanarudi."

Nikamwuliza lililokuwa linaniwasha. "Sasa kama hakipo, si mlango uko wazi muda wote? Si ndiyo maji yatapoa zaidi?"

"Kwenye malori ya zamani, sawa, ulikuwa unaweza kukitoa na usione shida. Hili lenu lina njia mbili. Tazama hapa chini." Akanionyesha kisahani kidogo upande wa chini. "Hiki kikifungua njia ya rejeta huku juu, huku chini kinaziba njia ya mkato. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Maji ya moto yanapita hukohuko kwa kuwa ndiko karibu, yanarudi kwenye injini na moto wake. Rejeta inapata machache. Tambarare utasalimika. Mlimani, na mzigo, utachemsha. Weka rejeta ya lori ukitaka, utachemsha."

Nilibaki nimechuchumaa pale, natazama ile sufuria ya watu. Hasira ilinipanda mpaka macho yakaniuma. Si kwa Felisian, yeye alinifumbua macho. Nilizikumbuka ndoo. Nilikumbuka nilivyobeba ndoo nina homa, nilivyobeba mwezi wa Ramadhani nimefunga, mdomo umekauka, nampelekea maji mwenye rejeta.

Njiani nikamwanza. "Baba Saada, ulimsikia fundi?"

"Nilimsikia."

"Basi?"

"Huyo ni fundi wa mashine za kusaga," akasema. "Wakati Stefano ananifundisha kazi, huyo Felisian alikuwa anachunga mbuzi." Na alivyolisema nikajua mlango umefungwa.

Sikumwacha. Felisian alikuwa amenitajia aina ya injini na namna ya kuulizia, nikaikariri kama sura ya Kurani. Nikamwendea Ashraf, anayekwenda Dar kufuata bidhaa za duka, nikamwambia nami nikamsikiliza akirudia mpaka akaijua. Nikalipa kwa ufuta wangu mwenyewe. Safari iliyofuata Ashraf akaniletea, mpya, ndani ya kiboksi chake na mpira wake wa kuzibia. Nikampa mume wangu. Akakifungua, akakigeuzageuza, akakirudisha kwenye kiboksi, akakitia kwenye kisanduku kilicho mbele ya kiti changu.

"Haya," akasema. "Ijumaa nitafunga."

Ijumaa ikaja na korosho za watu. Ijumaa nyingine harusi. Nyingine alikuwa na mafua. Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo, Felisian alisema asubuhi moja inatosha na kubaki. Nikamwambia nimwite basi Felisian, akakunja uso siku nzima: gari lake lifunguliwe na mtu mwingine, yeye yupo? Nikajua hapa uvivu haupo. Akikifunga na gari likaacha kuchemka, maana yake Stefano alikosea, na yeye kwa miaka yote alinitwisha maji ya bure. Mwanamume kama Masoudi afadhali achemshe. Nami nilikuwa nimechoka. Nikanyamaza, nikaendelea kujaza madumu, na kile kiboksi kikawa kinatikisika mbele ya magoti yangu kila tukipita kwenye shimo.

Ilikuwa Oktoba, mwaka elfu mbili na moja. Nilikuwa napepeta mchele uani, lori likasimama nje. Akashuka Amri, dereva mwenzake mume wangu, anatokea Ruangwa na safari yake bado iko mbele. Aliponisalimia tu nikaona hanitazami usoni.

"Shemeji, kaa kwanza," akasema.

Nikakaa. Akanieleza. Mama amefariki alfajiri, kifua kilimbana, Saada alikuwa naye. Watazika baada ya sala ya alasiri. "Wamesema watakungoja, shemeji. Lakini msichelewe, joto ni kali."

Ilikuwa bado asubuhi. Muda ulitosha. Nimeipiga hesabu hiyo kichwani mara nyingi na kila mara unatosha, hata kwa gari lile, hata kama lingechemka kidogo. Mume wangu alikuja mbio kutoka stendi, akanishika mabega, akasema, "Utamwona. Nakuahidi utamwona." Alisema kwa moyo wote, nilimwamini.

Maji hayakuwepo. Ndani palikuwa na dumu moja, nusu. Jirani yangu Prisca alipojua, alimimina ndoo yake ya kupikia humo humo, wengine wakaleta makopo, wakaleta birika za kutawadhia. Na walioleta maji wakaleta na khanga zao, wakapanda nyuma. Ndivyo tulivyo. Mtu akifiwa hatumwachi aende peke yake, na aliyefiwa hawezi kumwambia jirani shuka, gari ni zito. Wazee wakapanda, akina mama wakapanda, magunia mawili ya mchele na unga wa matanga yakapanda. Nyuma pakajaa. Nilimwona Baba Saada akizitazama springi zilivyolala. Akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Wamekuja kwa ajili ya mama yangu, atawaambia nini?

Mlima wa kwanza, mshale ukapanda mpaka mwisho. Tukasimama, tukangoja, tukatia maji. Mlima wa pili vilevile, na hapo madumu yakaisha. Baba Saada akachukua dumu akashuka mwenyewe bondeni kutafuta. Visima nilivyovijua vilikuwa matope. Alikawia sana. Abiria walishuka wakakaa majanini, wengine wanasoma dua, wengine wananitazama na kuangalia pembeni. Hakuna gari lililopita, si la kwenda wala la kurudi.

Aliporudi, dumu halijajaa, maji rangi ya udongo, mzee mmoja akamwambia amwage yote mara moja ili tuwahi. Akakataa. "Injini ni ya moto hivi, nikimwaga sasa hedi itapasuka, hatutafika kabisa." Alisema kweli, hiyo kazi anaijua. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari, mlango wazi, na kiboksi kiko mbele yangu. Nilifungua kisanduku nikakitazama. Nikafunga. Nikashuka nikaanza kutembea.

"Mama Saada," akaita.

Sikugeuka. Nilitembea na kandambili zangu katikati ya barabara, jua liko utosini, kisha likawa begani. Gari likanikuta, nikapanda. Likachemka tena, nikashuka, nikatembea tena. Safari ile sikulia. Nilikuwa nasema na mama tu, namwambia nakuja, usifunikwe uso, nakuja.

Tulipoingia Nkowe niliwaona wanaume wanatoka upande wa makaburi na majembe. Walikuwa wanatembea taratibu, wanazungumza, kama watu waliomaliza kazi. Mmoja alipoliona gari letu akavua kofia.

Saada alinipokea uani. Uso wake umevimba. "Mama, niliwazuia," akasema. "Nilikaa kwa bibi, sikukubali wamfunike. Nikawaambia mama yuko njiani. Wakangoja, wakangoja, mpaka shehe akasema jua linakwenda na bibi hawezi kukaa zaidi." Akanishika. "Nilimwambia bibi kwamba unakuja. Nilimwambia sikioni."

Hapo ndipo nililia.

Matanga ya kwetu watu ni wengi, na kila anayekuja ana neno la kukupa mkononi. Neno lenyewe ni moja. Ni mipango ya Mungu, mama. Mipango ya Mungu, dada. Mungu ndivyo alivyopanga. Nilikuwa nimekaa mkekani, naitikia, ndiyo, ndiyo, mipango ya Mungu. Mume wangu alikaa kwa wanaume. Nilisikia kwamba hakula.

Kesho yake, watu wamejaa, niliona boneti ya pikapu imefunguliwa. Wazee walinong'onezana, maana gari halitengenezwi msibani, ni kama mtu kuanza kupaka rangi nyumba siku ya maziko. Baba Saada hakumtazama mtu. Aliweka karai chini ya rejeta akafungulia maji yote, hakumwaga hata tone. Akachomoa mpira wa juu. Akafungua nati, akanyanyua kile kifuniko cha shingo ya injini, akakwangua mabaki ya gasketi kuukuu kwa kisu, polepole, mpaka pakang'aa. Akakivika kidude mpira wake. Akakiweka mahali pake, kitundu kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu, kama Felisian alivyonieleza jikoni pale Mnero. Kumbe alikuwa anasikia. Alikuwa amempa kisogo yule fundi na alisikia kila neno.

Akafunga, akarudisha maji, akawasha, akasimama ameshika mpira wa juu kwa kiganja. Mwanzo ulikuwa baridi. Nilimwona anangoja. Kisha mkono wake ukatoka ghafla, mpira umepata moto, kile kidude kimefungua. Akafunika boneti, akaenda kunawa. Wali wa matanga ulikuwa bado jikoni haujaiva, na kazi imekwisha.

Tulirudi baada ya khitima. Saada alibaki kufunga nyumba ya bibi yake. Nyuma walipanda walewale tuliokuja nao, na mizigo ambayo watu wa Nkowe walitupa, kwa hiyo gari lilikuwa zito vilevile. Mlima wa kwanza, mshale ukapanda mpaka katikati ukakaa. Mlima wa pili ukakaa palepale. Nyuma wakaanza kuchangamka, nikamsikia Prisca akisema leo gari limetawadha. Watu wakacheka. Mimi na Baba Saada mbele hatukucheka.

Tulipita mahali niliposhuka nikaanza kutembea. Yeye ndiye aliyeanza.

"Halijachemka," akasema.

"Nimeona."

Akaendesha kidogo. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani kwa nguvu kuliko barabara ilivyotaka. "Mama Saada, usijiumize sana," akasema. "Haya mambo ni mipango ya Mungu. Hata tungewahi..."

"Baba Saada," nikamkatiza. Sikupaza sauti, sikuwa na nguvu ya kupaza sauti. "Mama kufa ni mipango ya Mungu. Mimi kutomwona uso ni mipango yako."

Tangu nimeolewa sijawahi kumwambia mume wangu neno kama lile, na lilipotoka sikutaka kulirudisha. Tukateremka mlima, tukavuka daraja, tukapita watu wameanika korosho pembeni ya barabara, yeye anatazama mbele tu. Nikadhani atalimeza kama anavyomeza mengine.

Kisha akasema, taratibu, "Ndiyo. Hiyo ni yangu."

Miaka yote nilikuwa nangoja kumsikia Masoudi akisema amekosea. Nilidhani siku hiyo nitajisikia nimetuliwa mzigo. Nilikuwa nimechoka tu. Nikaegemeza kichwa changu mlangoni, na yeye akaendelea kuendesha.